Miwani ya Piggy na tochi yangu

Jumamosi iliyopita nilimkalisha mwanangu wa miaka 13 mbele ya filamu isiyo na rangi. Dakika kumi za kwanza alikuwa analalamika tu. "Baba, hii ya mwaka gani?" 1963. "Wewe ulikuwa umeshazaliwa?" Nikamwambia mwaka huo hata bibi yake alikuwa bado anakaririshwa a-e-i-o-u, atulie atazame.

Nyumbani kwetu kuna mgogoro ambao haujapata suluhu tangu Januari. Mwakani kijana anaingia kidato cha kwanza. Mama yake anataka aende bweni, akapate nidhamu, aachane na simu. Mimi nataka akae nyumbani, agombanie daladala kama watoto wa wenzetu. Mama mkwe yuko upande wa bweni. Mama yangu mzazi, anayeishi nasi, yuko upande wa yeyote atakayemletea chai. Nimejaribu kutumia hoja za serikali: mwaka 2023 si walipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne? Mke wangu akanijibu kwamba huyu wetu si wa darasa la nne, ana ndevu zinaota. Basi nikarudi kwenye ada. Ada ni hoja ambayo haichoki.

Lakini ada siyo sababu. Sababu yenyewe sijawahi kumwambia mtu, na nilipoitoa hiyo filamu kabatini nadhani nilikuwa naitafutia pa kuanzia.

Inaitwa Lord of the Flies. Imeongozwa na Mwingereza Peter Brook, kutoka kwenye kitabu cha William Golding cha mwaka 1954. Bwana wa Nzi, tuseme. Wasomaji wa Biblia mnamjua tayari: ndiye Baal-zebubu, mungu wa Ekroni katika Wafalme wa Pili, ambaye kwenye Injili anaitwa Beelzebuli mkuu wa pepo. Kisa chenyewe hakina mambo mengi. Kuna vita. Wavulana wa shule za Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, ndege inaanguka kwenye kisiwa kisicho na watu, na hakuna mtu mzima anayepona. Wakubwa wao hawajamaliza utoto, wadogo ni wa kubebwa mgongoni. Wanamchagua Ralph awe kiongozi. Wanaokota gamba kubwa la konokono wa baharini na kulipuliza kama baragumu. Likilia wote wanakusanyika, na anayelishika ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Sisi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kwao ilikuwa hivyo hivyo, mpaka ikafika siku ambayo kulishika hakukumpa mtu chochote. Moto wa kuita meli wanauwasha kwa miwani ya mtoto mnene mwenye pumu, ambaye wamembandika jina la Piggy, Kanguruwe. Halafu Jack, mkuu wa kwaya, anachoka na mikutano, anajipaka udongo usoni, anaondoka na wawindaji wake. Mpaka filamu inakaribia kuisha Simon ameuawa, Piggy ameuawa, na Ralph anasakwa porini kama digidigi.

Nimeshamwaga mchuzi, najua. Filamu ina miaka sitini na kitu, tusilaumiane.

Namna ilivyotengenezwa nayo ni hadithi. Brook aliipiga mwaka 1961 kwenye kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, na hakutafuta waigizaji wenye majina. Alitafuta watoto. Yule wa kuwa Ralph walimpata siku nne kabla ya kazi kuanza, akiogelea kwenye bwawa la kambi ya jeshi huko Jamaika. Wa kuwa Piggy alijileta mwenyewe kwa posta: barua ikisema kwa kifupi kwamba yeye ni mnene na anavaa miwani. Jina lake Hugh Edwards. Ukimwangalia huwezi kusema anaigiza. Mshika kamera, Tom Hollyman, kazi yake ilikuwa picha za mnato na hajawahi kupiga filamu maishani mwake. Watoto walilazwa kwenye kiwanda cha mananasi kilichoachwa, yaani bweni hasa, wakaachwa wacheze huku kamera inazunguka. Ukapatikana mkanda wa saa 60 hivi, ukakatwa mpaka ukabaki kama dakika tisini. Ndiyo maana kuna sehemu picha inayumba, mtoto anatazama pembeni, sauti ya bahari inameza maneno. Mimi napenda hivyo. Ile waliyoirudia Wamarekani mwaka 1990, yenye rangi na watoto waliovaa kijeshi, niliizima katikati.

Jambo moja nililisoma baadaye likanifanya niirudie tena. Wakati Brook anawapiga picha wale watoto wakicheza vita, sehemu kubwa ya Vieques ilikuwa mikononi mwa jeshi la majini la Marekani, likifanyia hapo mazoezi ya kulipua mabomu. Hawakuondoka mpaka 2003, na waliondoka kwa sababu wananchi walikataa kabisa baada ya bomu lililokosea shabaha kumuua mlinzi raia mwaka 1999. Kwa hiyo hata kisiwa cha kuigizia kilikuwa na watu wazima wake.

Mara ya kwanza niliiona mwaka 2006, chumbani kwa mwenzangu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kompyuta ya mezani yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Tulikuwa sita juu ya vitanda viwili. Ilipokwisha tukasema yale ambayo kila mtu husema: ndivyo binadamu alivyo, ondoa sheria utaona meno. Mmoja wetu aliyekuwa anasoma sayansi ya siasa akaanza na Hobbes, yule mwanafalsafa wa Kiingereza, tukamwomba akalale. Na mimi nilitikisa kichwa kukubali, ingawa kuna kitu kilinikaa kooni.

Ilinichukua miaka kukijua. Ni kwaya.

Ralph na Piggy wamelipuliza gamba, watoto wanajitokeza mmoja mmoja kutoka vichakani, nusu uchi, wamepauka. Halafu mbali kabisa kwenye mchanga mweupe inatokea mistari ya watu waliovaa nguo nyeusi. Ni wavulana wa kwaya, kwenye joto lile la Karibi, wamevaa majoho na kofia za shule, wanapiga hatua pamoja na kuimba Kyrie eleison. Jack yuko mbele. Wanafika, wanasimama mstarini mpaka wapewe ruhusa ya kukaa. Simon anazimia kwa jua. Na neno ambalo Jack analitoa uongozi ulipotajwa tu ni kwamba yeye anastahili kuwa mkuu, kwa sababu ni mkuu wa kwaya.

Jamani. Huyu ni kiranja.

Watu wanaiita filamu ya watoto walioachwa bila sheria, na hata kasha la diski yangu limeandikwa hivyo. Lakini tangu wakanyage ule ufukwe hawakukosa sheria hata saa moja. Sheria waliziteremsha zikiwa mwilini, zina vifungo na beji. Filamu inaanza kwa picha za mnato na sauti: darasa, kengele, walimu, kriketi, kwaya, halafu makombora na ndege za kivita, moja baada ya nyingine, bila maelezo. Mtu akiniuliza ushenzi wa kisiwani ulitoka wapi nitamrudisha kwenye dakika hizo mbili za mwanzo.

Sasa niseme la kwangu.

Nilipelekwa bweni mwaka 1998, shule ya wavulana huko nyanda za juu kusini, ambayo sitaitaja. Mtoto wa Tanga, nimezoea joto la madafu, nikashushwa kwenye basi alfajiri nikiwa na sweta moja, tranka, kidumu na ndoo. Mama alikuwa amenipa tochi ya bati ya betri mbili kubwa. Choo kilikuwa mbali na bweni, na mama alijua mimi ni mwoga wa giza. Sisi wa pwani mwaka 1995 tulisikia habari za popobawa, zimwi la usiku, kule Pemba na Unguja mpaka zikavuka bahari, watu wazima wakalala nje kwa makundi na moto wakiwasha. Nilikuwa na miaka 11. Kwa hiyo watoto wa kwenye filamu wanapoanza kunong'onezana kwamba kuna zimwi mlimani, wala siwacheki. Zimwi halihitaji kuwepo. Linahitaji mmoja tu aseme ameliona.

Pasaka ya mwaka ule mwalimu mkuu alisafiri. Mwalimu wa zamu akapata msiba, akaondoka Ijumaa Kuu mchana. Wakabaki mpishi, aliyekuwa anakuja kupika na kuondoka, na mlinzi wa getini ambaye alikuwa haoni vizuri. Sisi wanafunzi tuliobaki tulikuwa zaidi ya mia mbili, kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu.

Mngetegemea fujo, sivyo? Watu kulala mpaka saa nne, kutoroka kwenda mjini, kuimba usiku kucha. Ijumaa jioni ilikuwa hivyo kidogo, na ilikuwa raha. Halafu kiranja wa bweni letu, ambaye tulimwita Afande, akatoa kauntabuku, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaanza kuandika. Kufikia Jumamosi usiku bweni la pili lilikuwa na sheria nyingi kuliko siku yoyote ambayo mwalimu alikuwepo. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, asipite mlango wa mbele. Njuka asivae soksi baada ya saa moja usiku, na ilikuwa Aprili, baridi ile inang'ata. Kila njuka achote ndoo tatu bombani kwa ajili ya kaka wa kidato cha nne aliyepangiwa, na bomba lilikuwa linatoa maji kwa kusinzia. Kabla ya kulala kila njuka asimame juu ya tranka lake, ataje jina lake, la baba, la babu, kijiji, wilaya na sanduku la posta, kwa sauti. Ukikosea, unaanza upya. Ukicheka, kauntabuku.

Kwenye filamu kuna mtoto mdogo sana, Percival, ambaye akisimamishwa mbele ya mkutano anataja jina lake lote na anwani ya nyumbani kwao, kwa ufasaha, kama alivyofundishwa aseme akipotea. Halafu analia. Kwenye kitabu Golding anamrudisha mwishoni, wakati wa kuokolewa, anataka kuitaja tena na haipo kichwani. Mwanangu alikuwa anamcheka Piggy muda wote, lakini kwa Percival alinyamaza. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta maji ambayo sikuyahitaji.

Jumapili ya Pasaka jioni sukari ya kaka mmoja wa kidato cha tatu ilipotea. Nusu kilo, kwenye mfuko wa nailoni, ilikuwa kwenye tranka lake, kufuli halijavunjwa. Alishtakiwa njuka mwenzangu, kitanda cha tatu kutoka changu, mtoto mpole aliyekuwa akivaa koti la marehemu baba yake linalomfika magotini. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa amebaki bwenini wakati wengine wako kanisani. Mimi pia nilibaki, ni Mwislamu, lakini nilikuwa nje nafua.

Umeme ulikuwa umekatika. Afande alikaa kitandani kwake, kauntabuku mapajani, katibu pembeni. Kulikuwa na mashahidi. Kulikuwa na mwenye kumtetea, nakumbuka, kijana wa kidato cha pili alipewa dakika mbili amtetee, akasema "Mimi sina la kusema, kaka," watu wakacheka. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Kilichokosekana ni mwanga. Afande akasema, "Njuka mwenye tochi aje." Kila mtu alijua nani ana tochi.

Nikaambiwa nimmulike usoni. Nikammulika. Walimchapa kwa mikanda, sitaeleza zaidi, haikuwa muda mrefu ingawa ulikuwa mrefu. Mimi sikumpiga. Nimejiambia hivyo zaidi ya miaka ishirini: sikumpiga, sikusema neno, nilikuwa nimesimama pembeni. Betri zilikuwa mpya, mama alizinunua siku ya safari, na mwanga haukutetereka.

Sasa mrudie kwenye filamu, asubuhi baada ya Simon kuuawa kwenye ngoma ile ya usiku ufukweni. Ralph anataka kusema kilichotokea kwa jina lake. Piggy, Piggy wetu mwenye akili kuliko wote, anakataa. Anasema ilikuwa ajali. Kulikuwa na giza. Na wao wawili walikuwa pembeni, hawakufanya kitu, hawakuona kitu. Kila nikifika hapo natamani kumchukia na ninashindwa.

Sukari ilipatikana Jumatano. Mwenyewe alikuwa ameihamishia kwenye begi la mwenzake akasahau. Hakuna aliyesema chochote, hata mwenye sukari. Yule kijana hakurudi muhula wa pili. Sijui kama ni ada.

Na mwalimu mkuu alirudi Jumatatu jioni. Nakumbuka viatu vyake kwa sababu macho yangu yalikuwa chini: vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, na vumbi jepesi la safari. "Pasaka imekwendaje?" Tukajibu wote kwa pamoja, sauti moja, "Nzuri, mwalimu!" Hata kwaya ya Jack isingetufikia. Ralph akitambaa kwenye mchanga huku nyuma yake pori zima linawaka, kitu anachokiona kwanza ni viatu na soksi nyeupe za afisa wa jeshi la majini. Kamera inapanda polepole kutoka kwenye viatu. Afisa naye yuko vitani, anawatazama wale watoto na mikuki yao kama mtu anayeshangaa wamejifunza wapi.

Brook aliwahi kuandika kwamba katika kisa cha Golding kitu kimoja tu si kweli, nacho ni muda. Golding aliwapa wale watoto miezi mitatu hivi ya kuharibika, lakini yeye Brook, kwa alivyoishi nao kisiwani, aliona kwamba kizibo cha uangalizi wa wakubwa kikichomolewa kwenye chupa, wikiendi ndefu moja inatosha. Niliposoma hapo nilihesabu vidole: Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka, Jumatatu. Kwenye muda nampa haki yote. Kwenye chupa namkatalia. Yeye anaongea kama kwamba kilichomo mle ndani kila mtoto amezaliwa nacho. Afande wetu hakuzaliwa na kauntabuku. Alipokuwa njuka alisimamishwa juu ya tranka na Afande mwingine, na huyo na mwingine, na asubuhi mstarini wote walimwona mwalimu akichapa darasa zima kwa kosa la mtu mmoja asiyejulikana. Mahakama ile ya sukari ilikuwa nakala ya kitu tulichokuwa tunakiona kila Jumatatu.

Filamu ilipokwisha mwanangu aliuliza kama ni ya kweli. Nikamwambia hii hapana, ila kuna ya kweli, na kwa bahati nzuri naijua vizuri kuliko hisabati zake. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule ya bweni huko Tonga, kwenye Bahari ya Pasifiki, walichoshwa na shule, wakaiba mashua ya mvuvi wakiwa na ndizi, nazi chache na jiko dogo la gesi. Wakasinzia, dhoruba ikachana tanga na kuvunja usukani. Wakapelekwa na maji mpaka kisiwa cha 'Ata, jiwe refu baharini ambalo halikuwa na watu tangu 1863, wakazi wake walipotekwa na wafanyabiashara ya watumwa na waliobaki wakahamishwa. Walikaa miezi 15. Nahodha Mwaustralia, Peter Warner, aliwakuta Septemba 1966, wote sita wazima.

"Hawakuuana?" Hawakuuana. Walilima. Walichimba magogo kukinga maji ya mvua. Walifuga kuku waliowakuta kule juu, mabaki ya waliotekwa. Moto waliuwasha mara moja na hawakuuacha uzimike, kwa zamu. Zamu zilikuwa za wawili wawili: bustani, jiko, ulinzi. Wakigombana, kila mmoja alipelekwa upande wake wa kisiwa mpaka hasira ipoe, kisha wanarudishwa kuombana radhi. Mmoja alianguka jabalini akavunjika mguu, wakamfunga kwa vijiti na majani, wakamfanyia kazi zake mpaka mfupa ukaunga. Mmoja alitengeneza gitaa kwa ubao uliookotwa, kifuu cha nazi na nyaya kutoka kwenye mashua iliyovunjika. Siku ilianza na kuisha kwa wimbo na sala. Walipofika nyumbani polisi wakawakamata kwa wizi wa mashua. Warner ndiye aliyemlipa mwenye mashua ili waachiliwe.

Hapo mwanangu alicheka mpaka akakohoa. Polisi!

Wapo wanaokitumia kisa cha Tonga kumpiga Golding: aha, binadamu ni mwema. Mimi sina haraka hiyo. Sita walioiba mashua pamoja si sawa na mia mbili waliopangiwa vitanda. Wale sita walikuwa marafiki kabla ya dhoruba, na hakuna aliyepanda mashuani akiwa na beji. Hata wao sheria walikuwa nazo, tena kali: zamu, sala, radhi. Ninachokiona ni kwamba waliishi kama watu wanaokula sahani moja. Golding alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana na alikuwa ametoka vitani, aliandika aliowajua. Yake ni kweli ya pale.

Na hata pale, Brook ameacha kijidirisha ambacho wengi hawakikumbuki. Ni pale Piggy anapokaa na wadogo mchangani akiwasimulia mji wa Camberley ulivyopata jina lake: kwamba zamani uliitwa Cambridge Town, barua zikawa zinapotelea Cambridge, ikabidi wabadilishe. Basi. Si hekaya, hakuna simba wala sungura. Mtoto aliyeigiza alitoka Camberley kweli, na unamwona anavyolikumbuka kwao huku anasimulia. Wadogo wanamsikiliza, mmoja anachora mchangani. Ndani ya filamu nzima yenye mikutano na baragumu, huyo ndiye mtu pekee aliyekaa chini na wadogo bila kuwaamuru kitu. Ningekuwa naye bweni la pili mwaka 1998... lakini ningekuwa nimeshika tochi.

Nilimweleza mwanangu habari za tochi. Sikupanga, ilitoka tu wakati tunaondoa vikombe. Alisikiliza, kisha akauliza yule wa koti yuko wapi sasa. Nikasema sijui. Akauliza kama nimewahi kumtafuta. Siku hizi mtu anapatikana, ukiwa na jina na shule unampata, hata yeye angemtafuta kwa nusu saa kama ningempa simu. Nikamwambia tutaona. Mama yake alikuwa mlangoni, sijui alianza kusikia wapi. Hakusema kitu kuhusu bweni siku ile, wala Jumapili.

Jumapili yenyewe kijana alikuja na la kwake. Amefundishwa lenzi darasa la saba. "Baba, Piggy haoni mbali au haoni karibu?" Haoni mbali, kama mimi. "Basi miwani yake ni lenzi mbonyeo. Mbonyeo inatawanya mwanga. Ule moto haukuwezekana." Nikakumbuka kwamba Golding alishasemwa sana kwa kosa hilo, lakini sikutaka kumnyima ushindi. Nikamwambia tujaribu.

Tukatoka uani saa saba mchana, jua la kuchoma, tukaweka kipande cha gazeti kwenye sinia. Nikavua miwani yangu, nikaishika juu ya gazeti, nikaisogeza juu na chini. Hakuna hata doa, kivuli tu chenye ukingo wa mwanga. Kijana akasimama mikono kiunoni, amefurahi kama aliyefunga goli. Halafu akaingia ndani akarudi na miwani ya bibi yake ya kusomea, ile nene, inayokaa juu ya redio. Akaishika, akatafuta umbali, doa likakusanyika likawa dogo kama punje ya mtama. Gazeti likawa la kahawia, likawa jeusi, moshi mwembamba ukapanda, na moto ukashika kwenye tangazo la viwanja.

Ndani mama akaita: "Nani kachukua miwani yangu?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.